Jinsi ya kusoma umri wa kanisa la San Clemente, Roma

Juzi shemeji yangu alisimama ndani ya San Clemente, karibu na Koloseo, ule uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi wa kale, akauliza: "Kanisa hili lina miaka mingapi?" Swali hilo lilitumalizia asubuhi nzima. Ukitaka kulijibu mwenyewe, fanya hivi.

1. Beba daftari, penseli na tochi. Simu iache mfukoni. Ukishapiga picha mia, jioni hujui ukuta upi ni wa ghorofa gani.

2. Hapa majengo yamekaa moja juu ya lingine, kwa hiyo kata tiketi, ushuke mpaka chini kabisa. Wengi huanzia juu, ndiyo maana huchanganyikiwa. Huko chini ni majengo ya Kirumi ya karne ya 1, pamoja na chumba cha waabudu wa mungu wa kale Mithra chenye mabenchi ya mawe ubavuni na altare katikati. Tega sikio, utasikia maji yakipita.

3. Panda ngazi hadi kanisa la karne ya 4. Karibu na mwaka 1100 lilijazwa kifusi liwe msingi wa lile la juu, likasahaulika hadi Padre Joseph Mullooly, Mdominiko wa Ayalandi, alipoanza kuchimba mwaka 1857.

4. Sasa kanisa la juu, na hapa twende polepole. Katikati kuna kizimba cha wanakwaya cha marumaru nyeupe. Siku yangu ya kwanza niliona juu yake herufi zilizosokotwa za jina la Papa Yohane wa 2, aliyetawala 533 hadi 535. Nikaandika kwa fahari: "Karne ya 6." Saa tatu nzima nikahangaika kulazimisha kuta zikubaliane nami, zikakataa. Kumbe kizimba kilikuwa cha kanisa la chini. Mafundi wa karne ya 12 walikipandisha wakakiunga upya. Kwa hiyo chochote kinachobebeka, kiwe kizimba, nguzo au jiwe lenye maandishi, kiandike pembeni kwanza. Hata nguzo usiziamini, hazifanani. Pima upana badala yake: kanisa la juu ni jembamba kuliko la chini. Mozaiki ya msalaba wenye njiwa 12 nyuma ya altare ni ya karne ya 12, nayo haijahama.

5. Dari na uso wa mbele ni kazi ya Carlo Stefano Fontana, karne ya 18. Dakika mbili zinatosha.

Shemeji aliandika 1, 4, 12, 18, kuanzia chini ya ukurasa kwenda juu, kisha akauliza kahawa inauzwa wapi.