Kabla hujaenda kutafuta nzi-nyuki, zingatia haya

Nzi hawa wenye manyoya, wanaoelea hewani mbele ya ua, wengi huwaita nyuki na kupita zao. Hesabu mabawa: nyuki ana manne, hawa wana mawili. Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Spishi zao zilizokwisha kupewa majina duniani ni zaidi ya 4,500, na nyingi zinafanana mno.

Toka jua likishakolea, kuanzia saa nne asubuhi, uende penye ukavu na udongo ulio wazi. Kwa aliyeko Moshi, nyika ya kuelekea Boma Ng'ombe yatosha. Beba maji, kofia, daftari na penseli.

Piga picha kabla ya kukamata: kwa juu, mabawa yote yaonekane; ubavuni, upate urefu wa mdomo; na usoni, upate papasi, yaani vile vipembe viwili vya kichwani. Nzi wa kundi (jenasi) la Anthrax ana kishungi cha nywele kwenye ncha ya papasi, wa kundi la Villa hana.

Sasa vichupa, na hapa sitaki mjadala. Kijana mmoja tuliyekuwa naye aliwatia wote aliowakamata kwenye chupa moja ya maji ya kunywa, akafunga kifuniko, akapanda bodaboda hadi mjini. Vumbi, mashimo, jua la mchana, chupa inatoa jasho kwa ndani. Jioni tulipowamwaga kwenye karatasi nyeupe, manyoya ya rangi ya dhahabu yalikuwa yameganda kwenye chupa, na migongo imebaki myeusi mitupu, yote sawa. Nywele na magamba hayo ndiyo yanayotenganisha spishi na spishi, na hung'oka hata kwa kuguswa na kidole! Mmoja tu alibaki na bawa zima. Tukahesabu vyumba vitatu, yaani nafasi zilizozungukwa na vishipa vya bawa, karibu na ncha, tukamweka kundi la Exoprosopa. Spishi gani, hakuna aliyeweza kusema.

Kwa hiyo nzi mmoja, kichupa kimoja, tishu kavu ndani, kivulini. Andika papo hapo mahali, tarehe, saa na ua alilokuwa akinyonya. Ukimwona jike anarusha mayai kwenye tundu la nyuki wa ardhini, usimkamate kwanza, tazama, uandike. Mabuu yake hula watoto wa nyuki hao, na kumjua mwenyeji wake ni habari adimu.

Hifadhini, kibali kwanza. Karibu na boma, salimia wazee na uombe ruhusa, maana mgeni mwenye wavu malishoni hutia watu wasiwasi. Usitie mkono kwenye tundu, moma wapo. Na usiende peke yako.