Unajifunza urubani na hewa imechafuka? Soma hii kabla hujawasha injini

Wanafunzi wengi wanaogopa injini kuzimika angani, ila mimi nakwambia ogopa zaidi wingu. Ukishaingia humo ndani huoni tena upeo wa macho, na sikio la ndani, lile linalokupa mizani ya mwili, linakudanganya, ndege inalala upande taratibu we unahisi iko sawa kabisa, halafu ukiona inashuka unavuta usukani, kumbe ndo unazidi kukaza mzunguko wa kwenda chini. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilipima watu 20 wasiojua kuruka kwa vyombo (yaani kwa kutazama vipimo vya ndani ya ndege tu, bila kuona nje), wote walishindwa kuimudu ndege, wastani sekunde 178. Hata dakika 3 hazifiki!

Kwa hiyo kazi inaanzia chini. Soma METAR (ripoti ya hali ya hewa ya sasa uwanjani) na TAF (utabiri wa uwanja) mwenyewe, usingoje kuambiwa. Angalia joto na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa mpaka hapo mvuke unageuka matone), tofauti ikiwa nyuzi 2 au 3 tu na inazidi kupungua, tegemea ukungu au mawingu ya chini. Alafu andika mipaka yako kwenye karatasi ukiwa bado umetulia: mawingu yasishuke chini ya wapi, uone umbali gani, upepo wa ubavuni usizidi kiasi gani. Hiyo namba ya upepo iliyo kwenye kitabu cha ndege alifikia rubani wa majaribio mzoefu, sio wewe mwenye wiki chache.

Ukiwa juu ukaona mbele kunaanza kufifia, geuka SASA wakati bado unaona ardhi, usijiambie "ngoja nisogee kidogo". Mvua ya radi ikwepe kwa maili 20 na usipite chini yake. Na ikitokea umeshaingia winguni, macho yote kwenye vyombo, nyoosha mabawa kwanza, pumua, kisha geuka nyuzi 180 kwa mwinamo mdogo na uwaambie waongozaji kwenye redio, hakuna aibu hapo.

Kabureta, ile sehemu ya injini inayochanganya mafuta na hewa, nayo hugandisha barafu hata joto likiwa nyuzi 20 kama unyevu ni mwingi. Mizunguko ya injini ikianza kushuka bila sababu vuta hita ya kabureta yote, injini inaweza kukohoa kidogo barafu ikiyeyuka, usiirudishe kwa hofu.

Ule mgeuko wa kwa vyombo mwombe mwalimu akufanyishe ukiwa umezibwa usione nje, tena na tena, kabla hujaruka peke yako. Na yeye mwenyewe akisema twende wakati karatasi yako inasema hapana, mwonyeshe karatasi, mbaki chini.