Jinsi ya kuomba nakala ya mkataba ambao Kenya imeingia na nchi nyingine

Usianze na barua. Tazama kwanza kama mkataba wenyewe haujawekwa wazi tayari. Tovuti ya Kenya Law, inayochapisha sheria za nchi, ina sehemu ya mikataba. Mikataba ya mataifa mengi huchapishwa na Umoja wa Mataifa, kwa sababu Kifungu cha 102 cha Mkataba wa Umoja huo kinataka kila mkataba usajiliwe na kuchapishwa. Itifaki za Jumuiya ya Afrika Mashariki huhifadhiwa na Sekretarieti, Arusha.

Ugumu uko kwenye makubaliano ya nchi mbili, na huko ndiko nilikopotezea miezi. Binti wa jirani yangu alikuwa ameshapata viza ya kwenda kazi za nyumbani Ghuba. Mama yake akaniuliza: mshahara ukizuiwa, serikali zetu zimekubaliana binti aende kwa nani? Sikuwa na jibu, na maandishi hayakuonekana popote.

Jua unasimama wapi. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaitaka serikali ichapishe habari muhimu zinazoligusa taifa. Sheria ambayo huwezi kuisoma huwezi kuidai, kwa hiyo ombi lako si fadhila unayoomba.

Barua ielekezwe kwa ofisa wa upatikanaji wa habari katika wizara inayohusika. Usipomjua, mwandikie Katibu wa Wizara. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali Kiswahili au Kiingereza. Ambatisha nakala ya kitambulisho, maana haki hii ni ya raia. Sababu hulazimiki kuitaja.

Jina la hati ndilo lililoniangusha mara ya kwanza. Niliandika “mkataba wa wafanyakazi”, nikajibiwa kwamba hakuna hati ya jina hilo. Kumbe kilichotiwa saini kiliitwa hati ya maelewano. Sheria ya Kuunda na Kuridhia Mikataba ya 2012 haiyagusi makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au mambo ya kiufundi na kiutawala, kwa hiyo mengi hayapitii Bungeni na kumbukumbu za Bunge hazitakusaidia. Sasa naandika hivi: “Naomba nakala ya mkataba, makubaliano au hati ya maelewano yoyote kati ya Kenya na nchi fulani kuhusu ajira za nyumbani, pamoja na viambatisho na marekebisho yake yote.” Baada ya hapo taja mwaka, na waliotia saini kama unawajua.

Halafu muhuri. Hapa nakusihi usiwe na haraka. Barua yangu ya kwanza niliiacha kaunta, karani akaniambia watanipigia. Wiki ya tano nikarudi. Kwenye daftari la masjala haikuwemo, nami sikuwa na ushahidi wowote kwamba niliwahi kufika. Beba nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokewa mbele yako, na tarehe isomeke. Yangu ya pili wino ulikuwa umefifia, tarehe haionekani. Niliomba igongwe tena na karani akaigonga bila neno.

Tarehe hiyo ndiyo unayohesabia siku 21 za kujibiwa. Wanaweza kuongeza mara moja tu, zisizozidi 14. Kama hati iko ofisi nyingine, wana siku tano kulihamisha ombi lako huko. Kuomba ni bure. Unalipia gharama ya kutoa nakala tu.

Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kuwa umekataliwa. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ofisi ya Ombudsman. Wape barua yenye muhuri.

Ukiambiwa ni siri kwa kuwa nchi ya pili haijakubali, usiondoke. Sheria ya Kupata Habari inaruhusu hati itolewe pale maslahi ya umma yanapozidi madhara ya kuitoa. Mei 2022 Mahakama Kuu Mombasa iliamuru serikali itoe hati za reli ya SGR zilizokuwa zimefichwa, na Novemba mwaka huo mikataba mitatu ya mkopo ikawekwa hadharani.

Siku ya kukabidhiwa, fungua karatasi hapohapo kaunta: saini, tarehe, kisha viambatisho kimoja kimoja. Sisi tulipewa nakala safi isiyo na kiambatisho cha mkataba wa ajira, nacho ndicho kilichobeba habari za mshahara. Ilibidi niandike barua nyingine, na binti alikuwa ameshasafiri kilipopatikana. Mama yake alimpigia picha kurasa zote, akamtumia kwa simu.