Manyoya tumboni mwa paka: nyuzinyuzi, maji na boga lisilo na nazi

Paka akijilamba, anameza. Ulimi wake una vijimiba vidogo vigumu vilivyoelekea kooni, kwa hiyo unyoya ukishanaswa hapo hana njia ya kuutema. Unashuka tumboni. Sehemu kubwa hupita salama na kutoka na choo bila wewe kujua. Sehemu inayobaki hushikana na ute, ikawa donge, na siku moja utamkuta ameinama anajikamua mpaka donge limtoke mdomoni. Usitarajie kitu cha mviringo. Likipita kwenye umio linatoka refu na jembamba, na mtu asiyelijua hudhani ni choo.

Mimi ni mshonaji wa nguo, Mji wa Kale, Mombasa, na nyumbani nina paka wawili. Chui alitoka mtaani, manyoya mafupi, na ni nadra kumwona akitapika donge. Pamba ana damu ya Kiajemi, mweupe, manyoya marefu mpaka kwenye nyayo, na karibu yote ninayoandika hapa nimeyajua kwa kumlea yeye. Shabaha ni moja tu: manyoya anayomeza yateremke na chakula na kutokea nyuma. Nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea zisizomeng'enywa tumboni, husaidia sana katika hilo, ila zinahitaji maji, na hazichukui nafasi ya nyama.

Anza na chanuo. Unyoya uliobaki kwenye chanuo haumezwi. Paka wa manyoya marefu achanwe kila siku kwa chanuo la chuma, kisha umpitishe kiganja chenye unyevu kukusanya yaliyolegea. Wa manyoya mafupi, mara moja au mbili kwa wiki zinamtosha. Ukiwa hapo, angalia ngozi. Vumbi jeusi linalogeuka wekundu likitiwa maji ni choo cha viroboto, na paka mwenye viroboto hujilamba kupita kiasi kwa sababu anawashwa. Hapo hata umpe boga gunia zima, madonge yataendelea. Tibu viroboto, na tafadhali usimtie paka dawa ya mbwa yenye permethrini. Inaua paka.

Chakula chenyewe. Paka ni mla nyama. Anahitaji taurini, kirutubisho ambacho kiko kwenye nyama, samaki na hasa moyo wa kuku au wa ng'ombe. Akikikosa muda mrefu macho huharibika na moyo hudhoofu. Kwa hiyo wazo la kumjazia ugali au wali ili "tumbo lifanye kazi" silikubali hata kidogo. Na mchuzi wa nyumbani una kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa vikaiva.

Kama anakula chakula cha dukani, kipo kilichotengenezwa kwa ajili ya manyoya, chenye nyuzinyuzi zaidi. Kibadilishe polepole, ukichanganya na cha zamani kwa siku 7 hadi 10. Kumbuka tu kwamba chakula kikavu cha punje kina maji kiasi cha asilimia 10, na cha kopo kinafika asilimia 75 au zaidi. Paka anayekula kikavu peke yake hana tabia ya kunywa maji ya kufidia pengo hilo, na kwenye joto letu la kaskazi pengo linakuwa kubwa. Kwa hiyo punje za Pamba naziloweka maji ya uvuguvugu. Bakuli za maji ziko sehemu kadhaa za nyumba, mbali na sahani ya chakula. Nikichemsha kuku, kabla sijatia chumvi wala viungo namchotea supu yake. Hilo la maji nalishika kuliko yote yanayofuata.

Sasa nyuzinyuzi zenyewe, kwanza boga. Kata kipande, ondoa ganda na mbegu, chemsha kwa maji matupu, uponde liwe laini kabisa. La kufuturia, lile la nazi, sukari na iliki, si lake. Anza na nusu kijiko cha chai kwa siku, ulichanganye vizuri kwenye chakula chenye harufu anayoipenda. Samaki aina ya kibua aliyechemshwa na kutolewa miiba hufanya kazi nzuri. Baada ya siku nne tano ongeza, usizidi vijiko viwili vya chai kwa siku. Linalobaki naligandisha kwenye trei ya barafu, kila siku natoa kipande kimoja. Boga ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kazi yake ni ya upole. Kwa paka anayetapika donge la hapa na pale, linaweza kutosha.

Isabgoli. Haya ni maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za Kihindi, meupe, mepesi, na watu huyanywa wakipata shida ya kukosa choo. Nunua yasiyo na sukari, rangi wala ladha. Vitamu bandia havifai kwa paka. Yakikutana na maji huvimba na kuwa ute mzito unaoshika manyoya na kuyasukuma mbele. Kwa sababu hiyo hiyo hayapewi makavu kamwe: makavu yatakwenda kuvuta maji ndani ya utumbo, na badala ya kufungua yatafunga.

Ninavyofanya: chota robo kijiko cha chai, tia maji vijiko vikubwa vitatu, acha mpaka igande kama uji wa wanga, ndipo uchanganye na chakula chenye majimaji. Mara moja kwa siku. Siku za mwanzo weka chembe kidogo tu, uone tumbo linaipokeaje. Kama paka anatumia dawa yoyote ya kumeza, itenganishe na isabgoli kwa saa mbili au zaidi, kwa kuwa ute huo unaweza kuizuia dawa isiingie mwilini.

Chagua kimoja kati ya boga na isabgoli, ukitumie wiki mbili tatu ndipo uhukumu. Choo ndicho kitakachokuambia. Kinatakiwa kiwe laini lakini chenye umbo, na ukikivunja kwa kijiti uone manyoya ndani, ukiyaona, furahi. Kikiwa kingi mno au cha majimaji, punguza. Kikiwa kikavu na kigumu, usiongeze nyuzinyuzi, ongeza maji. Paka mdogo anayekua, mwenye mimba, anayenyonyesha, aliyekonda au mwenye ugonjwa wa figo au kisukari, usimwanzishie chochote kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo.

Kuhusu mafuta. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, huniambia, "Mwanangu, mpe samli kidogo, yatateleza." Namshukuru, lakini simpi Pamba. Samli na mafuta ya zeituni humeng'enywa njiani kabla ya kufika mbali na manyoya, na yakizidi huleta kuharisha. Mafuta ya parafini ya duka la dawa (si mafuta ya taa) ya kumimina mdomoni ni hatari zaidi: hayamkereketi koo, kwa hiyo yanaweza kuingia mapafuni bila hata kukohoa. Dawa ya kulamba ya kuteremsha manyoya, inayouzwa kwa madaktari wa mifugo, inafaa kwa siku chache, ipewe mbali na saa za chakula, kwa sababu ikizoeleka hupunguza vitamini A, D, E na K mwilini. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa.

Wakati wa kuacha tiba za nyumbani. Kwanza, kikohozi. Paka mwenye pumu hujikunyata karibu na sakafu, ananyoosha shingo, anakohoa, halafu hatoi kitu. Watu huliita hilo manyoya na paka anakaa bila matibabu. Mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari.

Pili, uzi. Kwangu, penye cherehani na vibonge vya nyuzi, ndilo ninaloliogopa kuliko donge lolote. Ulimi ule ule usioweza kutema unyoya hauwezi kutema uzi. Ukiuona umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Utumbo unaweza kukatika. Mpeleke kama alivyo.

Tatu, akijikamua tena na tena bila kutoa kitu, tumbo likiwa gumu, asipokwenda choo, au madonge yakizidi moja kwa wiki ingawa unamchana na kumlisha vizuri. Kutapika huko kunaweza kuwa ugonjwa wa utumbo, na nyuzinyuzi zitauficha tu. Na akigoma kula, usisubiri zaidi ya siku moja. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta na kushindwa kazi, na hapo ugonjwa wa kutibiwa si manyoya tena.