Jinsi ya kusoma hukumu ya Katiba bila kuwa wakili

Hapa Newala, Tanzania, unyago ukiisha wazazi hunijia, mimi msaidizi wao wa kisheria: "Mwanangu, mahakama si ilishafuta ndoa za miaka kumi na mitano?" Jibu limo kwenye hukumu yenyewe: kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ya 2016, na rufani ya Serikali ya 2019. Zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure. Zimeandikwa Kiingereza, hivyo mwombe mwalimu wa sekondari mkae pamoja.

Weka mbele yako kifungu kinacholalamikiwa na ibara inayotajwa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana mpaka afikishe 18. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Soma maneno yalivyo, kwani jaji naye huanzia hapo.

Halafu angalia anavyopima. Sheria ya Bunge huhesabiwa halali mpaka mlalamikaji athibitishe vinginevyo. Ila haki husomwa kwa upana, na vizuizi vyake kwa kubana. Msimamo huo uliwekwa vizuri na Jaji Mkuu Samatta katika kesi ya Ndyanabo, kesi nyingine ya Katiba, alipoieleza Katiba kuwa kitu kilicho hai. Kwenye rufani Serikali ilitetea kifungu kwa mila na dini. Majaji hawakukubali kwamba hayo yanahalalisha kumbagua mtoto wa kike. Kurasa hizo zisome taratibu, ndizo zenye uzito wote.

Usiishie hapo, nenda kwenye amri. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walitamka vifungu vya 13 na 17 (cha 17 kinahusu ridhaa ya mzazi) vinakiuka Katiba, wakaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe, umri uwe 18 kwa wote. Ibara ya 30(5) inawapa uwezo huo. Kuandika sheria mpya ni kazi ya Bunge, na naona ni sawa, maana jaji hapigiwi kura. Lakini mwaka ulipita, na hadi rufani inatupwa 2019 vifungu vilikuwa vilevile. Hilo linaniuma, kwa sababu wasichana hawakuacha kukua.

Kwa hiyo, mzazi akija nauliza kwanza: binti anasoma? Kama ni mwanafunzi, Sheria ya Elimu, tangu marekebisho ya 2016, inamtishia anayemuoa kifungo cha miaka 30, twende polisi. Kama hasomi, twende ustawi wa jamii, na mbunge akija kijijini aulizwe amri ile imefikia wapi.