Jina lako limebaki kama mtuhumiwa kwenye faili za wapelelezi wa jeshi la Marekani? Hivi ndivyo unaomba litolewe

Hii ni ya wale mlio kwenye jeshi la Marekani au mlishatoka, halafu unaomba kazi, au kibali cha kubeba bunduki, na bekigraundi cheki inarudi eti ulishawahi kukamatwa, na wewe pingu unaziona kwenye TV tu. Mara nyingi ni kwamba wapelelezi wa jeshi walifungua faili miaka ile, wakakuandika kwenye sehemu ya mtuhumiwa, kesi ikafa, hakuna mahakama hakuna adhabu, ila jina likabaki. Wenyewe wanaita titling, na hilo neno liandike hivyohivyo kwenye kila barua maana ndilo wanalolijua. Jina linaingia kwenye rejista ya Wizara ya Ulinzi inayoitwa DCII na linakaa miaka 40. Arobaini jamani.

Wengi wanaanza kwa kumkimbilia kamanda, na hapo ndipo muda unapotea. Kamanda anaamua akuadhibu au asikuadhibu, lakini faili sio lake, wale wapelelezi wamewekwa nje ya mamlaka yake makusudi na kanuni za wizara zinamkataza kuwazuia kuchunguza. Kwa hiyo hata akikuandikia barua tamu kwamba wewe ni askari safi, iweke kama kiambatisho tu.

Anayeamua ni ofisi iliyokuchunguza, kwa hiyo ijue kwanza. Navy na Marines ni NCIS, hawa wanaongozwa na raia tangu 1992, baada ya kashfa ya Tailhook, yaani wanawake kudhalilishwa kingono kwenye mkutano wa marubani wa Navy kule Las Vegas mwaka 1991, ambayo uchunguzi wake ulivurugwa na wenye magwanda wenyewe. Army ni CID, ilikuwa chini ya jenerali ambaye ndiye huyohuyo mkuu wa polisi wa jeshi, mpaka askari Vanessa Guillén alipouawa Fort Hood mwaka 2020 na kamati huru ikaja kusema wapelelezi wa pale walikuwa wachache na wengi hawana uzoefu, ndio Septemba 2021 akawekwa mkurugenzi wa kwanza raia, Gregory Ford, aliyetokea NCIS. Air Force na Space Force ni OSI, hawa bado wako chini ya jenerali, ingawa cha kuchekesha ni kwamba mkuu wao wa kwanza mwaka 1948, Joseph Carroll, alikuwa mtu wa FBI akavalishwa ujenerali.

Usidhani lakini kwamba ukiwa chini ya raia utahurumiwa. Kigezo cha kukuandika ni kimoja kwa wote watatu, wakishakuwa na taarifa za kuaminika tu kwamba huenda ulifanya kosa inatosha, hawahitaji hata kile kiwango ambacho polisi wa kawaida anatakiwa kuwa nacho ndio akukamate. Mimi naona raia wamesaidia kwenye kukiri makosa zaidi kuliko kwenye kutoyafanya. Angalia G-RAP, ule mpango wa National Guard, askari wa akiba wa majimbo, wa kulipa watu kwa kuleta makuruta, CID wakaandika watu kibao kama wezi, na ni Novemba 2022, tayari chini ya mkurugenzi raia, ndipo wakakubali hadharani kwamba walikosea na kuanza kupitia upya majina karibu 1,900.

Haya, tuingie kazini.

Omba kwanza faili lako, usiandike ombi lolote hujalisoma. Unaandika chini ya Privacy Act na FOIA kwa pamoja, yaani sheria mbili zinazokupa haki ya kuona rekodi zako na za serikali, unapeleka kwa CID, NCIS au OSI, wote makao makuu yao yako Quantico, Virginia. Weka jina kamili ulilotumia jeshini, tarehe ya kuzaliwa, kituo, mwaka, namba ya kesi kama unayo, na uthibitisho kwamba ni wewe kweli, yaani kitambulisho na sahihi. Wakati unasubiri, na utasubiri, omba pia rekodi yako ya FBI, maana wapelelezi huwa wanapeleka taarifa huko pia, ada ni dola 18, unatoa alama za vidole. Hizi ni rekodi mbili tofauti na watu wengi wanasafisha moja wanasahau nyingine.

Faili likija soma kwa kalamu mkononi. Sehemu zingine zitakuwa zimepakwa weusi, usihangaike nazo sana. Tafuta nani alisema nini, nini hakikuulizwa, na mwanasheria wa jeshi alitoa maoni gani kuhusu ushahidi.

Halafu ndio ombi lenyewe. Sheria ya kuitaja ni kifungu cha 545 cha sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2021, hicho ndicho kilibadilisha mchezo. Kinasema jina litolewe kama hakukuwa na sababu za msingi za kuamini kosa lilitokea, au za kuamini wewe ndiye uliyelifanya, au kama ushahidi hautoshi, na cha muhimu kinasema hakukuwa na au sasa hivi hakuna, kwa hiyo ushahidi mpya unaruhusiwa. Pia wanatakiwa waangalie kama kuna ushahidi wa kuunga mkono tuhuma, kama ulichukuliwa hatua zozote na ziliishaje.

Usiandike kurasa za kulia kwamba umeonewa. Andika hivi: "Ripoti ukurasa wa 14 inasema nilisaini risiti tarehe 3 Machi. Kiambatisho B ni oda ya safari inayoonyesha siku hiyo nilikuwa nje ya kituo. Mpelelezi hakuniuliza kuhusu tarehe hii." Sentensi tatu, karatasi moja, inabeba kuliko barua kumi za sifa. Hukumu ya kuachiwa iweke, inasaidia, ila haifuti jina yenyewe tu. Ukiwa bado kazini wanasheria wa legal assistance, ofisi ya jeshi ya msaada wa kisheria, ni bure, waulize, ingawa kesi nzito mimi ningelipia wakili wa nje kama uwezo upo.

Wakikukatalia, omba jibu la maandishi uliweke vizuri, maana bodi itataka kuona ulishapita kwao kwanza. Bodi ni ya kusahihisha rekodi za kijeshi: Army ni ABCMR, Navy na Marines ni BCNR, Air Force na Space Force ni AFBCMR. Unajaza DD Form 149 na unaambatanisha kila kitu upya, usitegemee watatafuta wenyewe. Una miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ukichelewa kuna sehemu kwenye fomu ya kueleza kwa nini, ijaze usiiache wazi. Na wajumbe wa bodi kwa sheria ni raia, hivyo hata aliyechunguzwa na OSI ya jenerali mwisho wa safari ndani ya jeshi anasomwa na raia.

Ukishinda, barua isikulevye. Subiri kidogo halafu lipia tena zile dola 18 uangalie FBI wameondoa kweli, na kama bado ipo rudi kwa ofisi iliyowapelekea taarifa ukiwa na kopi ya uamuzi, sio kwa FBI.