Unaanza PhD ya modeli za moyo za kompyuta? Anza na seli moja

Wengi wakishapata nafasi, wiki ya kwanza tu wanataka moyo mzima wa 3D unaozunguka na rangi zake, hata mimi nilikuwa hivohivo na miezi ikaenda bure. Chukua seli moja. Modeli ya O'Hara na Rudy ya 2011, ya umeme wa seli ya moyo wa binadamu, ipo bure mtandaoni, ishushe, iendeshe hata kwenye laptopu ya kawaida, halafu bana mkondo wa potasiamu unaoitwa IKr uone mpigo wa umeme wa seli unavyorefuka. Dawa kibao zinavuruga moyo kwa njia hiyohiyo. Denis Noble, mwanzilishi wa modeli hizi, naye mwaka 1960 alianzia kwenye seli za Purkinje, zile zinazosambaza umeme moyoni, na kompyuta yenyewe alikuwa anapewa usiku wa manane, sembuse wewe.

Afu swali la utafiti lisitoke kichwani kwako, likatoke kwa daktari. Omba ukakae chumba wanachochoma njia mbovu za umeme moyoni, kaa kimya usikilize wanabishana nini, utakuta shida yao ni hili kovu kwenye msuli wa moyo ni la hatari au la, na tuchome wapi. Kundi la Natalia Trayanova kule Johns Hopkins ndo wanafanya hivo, wanachukua MRI inayoonyesha kovu, wanajenga moyo wa mgonjwa huyohuyo kwenye kompyuta, wanauchokoza kwa umeme sehemu tofauti waone mapigo yanavurugikia wapi.

Sasa meshi, yaani wavu wa vipande vidogo unaougawa moyo kwenye kompyuta, hapa ndo watu wanalia. Vipande vikiwa vikubwa sana wimbi la umeme linapungua kasi au linakwama kabisa, na wewe unadhani umegundua ugonjwa kumbe ni wavu wako tu 😅. Kwa hiyo gawa vipande nusu, endesha tena, kasi ikibadilika sana endelea kugawa. Kwenye misuli ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), kufuata nyuzi za msuli, tegemea kasi ya kama mita 0.6 kwa sekunde. Programu tumia openCARP, kwa utafiti wa chuo hulipi kitu.

Supavaiza wawe wawili, mmoja wa hesabu mmoja daktari wa moyo, wa hesabu peke yake atakupoteza.

Kibali cha maadili cha kutumia picha za wagonjwa kiombe mapema, leo kama unaweza, maana kinachelewa balaa. Ukiwa unasubiri jifunzie kuchora mipaka ya ventrikali kwa picha za ACDC, mkusanyiko wa picha za MRI za moyo, zipo za wagonjwa 150.